Harusi Gani, Mwanangu?

Mapambo ya karatasi yalikuwa bado yananing'inia juu ya mlango wa sebule, yamepauka kwa jua, Mjomba alipokuja kusema kwamba harusi ile ingekuwa heri isingefanyika.

Hakusema kwa ubaya. Mjomba alikuwa karani wa stoo mstaafu, na kwake dunia nzima ilikuwa stoo moja kubwa ambamo watu wanachukua vitu bila kufuata utaratibu. Hata kukohoa kwake kulikuwa na hatua: leso kwanza, kisha kugeuka pembeni, ndipo kikohozi kinaruhusiwa kutoka. Siku hiyo alikohoa, akakunja leso yake, akamtazama mpwa wake aliyekuwa amepiga magoti mbele ya kochi la mteja, misumari midogo ameibana midomoni.

Mtaa mzima ulimwita mpwa huyo Fundi. Kazi yake ilikuwa kuvua makochi nguo zao kuukuu na kuyavika mpya, na alikuwa na banda lake nyuma ya nyumba ya mama yake. Mumewe waliyemwita Bwana Pampu, kwa sababu alitoka nchi ya mbali kuja kufunga pampu za maji za mji, alikuwa ameondoka majuma machache baada ya harusi, mkataba wake ulipokwisha. Kilichobaki ni Fundi kumfuata. Na hapo, alisema Mjomba, ndipo penye mambo.

Alikuwa amekwenda kuuliza kwa mtu anayejua. Kumfuata mume nchi ya watu kuna njia mbili. Ipo njia ya mke, ambayo ni ndefu, inapita ofisi hii na ofisi ile, na mtu anaweza kusubiri mpaka akasahau alikuwa anasubiri nini. Halafu ipo njia ya mchumba. Hiyo ni fupi: unakwenda ukiwa hujaolewa, unaolewa hukohuko, yamekwisha. Ila ukishaolewa tu, mlango wa mchumba unafungwa na ufunguo unatupwa.

"Kwa hiyo mimi ni nini?" Fundi aliuliza, akitema misumari kiganjani.

"Wewe ni mke, mpwa wangu. Na hilo ndilo tatizo."

Fundi hakucheka. Kulikuwa na jambo ambalo Mjomba hakulijua. Asubuhi zile Fundi alikuwa anatapika nyuma ya banda na kusingizia harufu ya gundi, gundi ambayo ameivuta tangu usichana bila hata kupiga chafya. Alitaka mtoto azaliwe baba yake akiwa mlango wa pili, asije akawa upande wa pili wa dunia anasikiliza kilio kwa simu. Njia ndefu ingemzalisha hapa, peke yake. Njia fupi ingemfikisha kabla tumbo halijagombana na mkanda wa kiti cha ndege.

"Na kama harusi haikuwepo?" aliuliza, taratibu, kama mtu anayejaribu kiti kwa mkono kabla ya kukikalia.

Mjomba akaikunjua tena leso yake. "Nilikuwa nangoja uulize wewe mwenyewe," akasema.

*

Waliohudhuria wakaitwa. Hawakuwa wengi, maana harusi ilikuwa ya sebuleni, ya watu wa ukuta kwa ukuta. Kinyozi wa pale kona alikuja, yeye ndiye aliyekuwa mshereheshaji. Mama Redio alikuja, jirani ambaye siri kwake ilikuwa kama maji kwenye pakacha. Ilisemekana ukimnong'oneza jambo jikoni, ukifika mlangoni wanakuuliza imekuwaje. Wakaja na wengine, wakakaa pale walipokaa siku ile ya furaha, na Mjomba akasimama mbele yao.

Akawaeleza kwamba mtu wa ubalozi anaweza kuja kuuliza. Jibu ni moja: harusi hakuna. Fundi ni mchumba wa mtu, basi. Kinyozi akauliza, je, na tukiota tuko harusini? Mjomba akamjibu kwamba akiota aamke. Watu wakacheka, lakini Mjomba hakuwa amemaliza, na yale aliyoyasema baadaye aliyasema polepole sana, mkono mmoja umeinuka.

"Wale watu wana mbinu. Wanaweza kumtumia hata Fundi mwenyewe. Akija kwenu analia, anasema jamani semeni ukweli, msiseme. Na nikija mimi, na leso yangu hii mkononi, nikawaambia mambo yamebadilika, msiseme. Tumeelewana?"

Walielewana. Fundi alitegemea mama yake angepinga. Alimjua: mwanamke ambaye hata sufuria iliyotoboka haitupi bila kuiombea. Alingoja aambiwe kwamba ndoa si shati, huivui kwa sababu ya joto. Badala yake Mama aliinuka wa kwanza, akavuta kigoda, akapanda, akaanza kuyashusha yale mapambo ya karatasi. Hakuchana hata moja. Aliyakunja vizuri, kama anayeyarudisha dukani.

Baada ya hapo kazi ilikwenda upesi mno. Ukuta wa sebule uliokuwa wa kijani ukapakwa rangi nyeupe. Mapazia yakabadilishwa. Wakakaa duara wanafuta picha kwenye simu, kila mmoja anakagua simu ya mwenzake, kimya, kama watu wanaotoana chawa. Kochi la watu wawili walilokalia maharusi, Fundi alilivua kwa mkono wake. Sheria ya kazi yake ni kwamba nguo mpya haivikwi juu ya kuukuu. Lazima ya zamani ing'oke yote, hadi uzi wa mwisho. Aling'oa hadi uzi wa mwisho, akalivika nguo ya kijivu, na kile kitambaa cha harusi akampa Mama akachome na takataka.

Mchana alimpigia mumewe kumweleza. Bwana Pampu alikuwa amejifunza lugha kwa mafundi bomba, kwa hiyo kwake kila kitu kilikuwa kinavuja, kinaziba au kinahitaji kukazwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jambo ambalo Fundi alilisimulia kwa kicheko siku nyingi, mpaka lilipoacha kuchekesha.

"Lakini mke wangu, mimi nilikuwepo."

Fundi akamwambia asiseme mke wangu, simu zina masikio. Aseme mchumba wangu. Kwenye laini ikasikika kwikwi. Bwana Pampu alikuwa na ugonjwa huo: akiambiwa adanganye, hata kidogo, hata kumwambia mtu kwamba nywele zimempendeza, kwikwi zinamvamia. Akaomba radhi, akasema anakwenda kunywa maji, simu ikakatika.

*

Kitu cha kwanza kilichomshtua Fundi ni kimya cha Mama Redio.

Alitarajia siri ivuje kabla ya jua kuzama. Siku zikapita, haikuvuja. Mama Redio alianza kupita mbele ya banda akimsalimia kwa heshima ya mbali, kama anavyosalimiwa mpangaji mgeni. Fundi alipomtania, "Mama mdogo, leo hakuna taarifa ya habari?" yule mama alimtazama kwa macho matupu, safi, yasiyo na hata chembe ya ule ujanja wa mtu anayeficha kitu. Anayeficha huwa kuna mahali panapomcheka, pembeni mwa mdomo. Pale hapakuwa na kitu.

Kinyozi naye hivyohivyo. Siku ya harusi alikuwa amesema maneno mengi mpaka akapoteza sauti. Sasa alimwita dada, akamuuliza habari za kazi, na mteja mmoja alipomtaja Bwana Pampu, Kinyozi akauliza ni yupi huyo, wembe wake haukutikisika shingoni mwa mtu.

Nyumbani ndiko kulikokuwa kubaya zaidi. Fundi alirudi siku moja akakuta kitanda chake kikubwa kimeondolewa, na mahali pake kimetandikwa kile kitanda chembamba alicholalia akiwa msichana. Mama akasema kikubwa kilikuwa kinakula nafasi. Wakati wa chakula akamwekea sahani yake ya zamani. Na jioni moja, wakichambua mchele, Mama alisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba siku Fundi akija kuolewa, itabidi waipake sebule rangi ya kijani. Sebule za kijani zina baraka.

Fundi akatazama mikono ya mama yake. Iliendelea kuchambua. Jiwe, mchele, jiwe.

"Mama, tuko wawili tu humu ndani."

"Kwani nimesema tuko watatu?" Mama akajibu, asiinue uso.

Lakini watatu walikuwepo, na wa tatu alikuwa anakua. Pembe la ng'ombe halifichiki, sembuse tumbo. Lilipoanza kuonekana, Fundi alidhani sasa mtaa utacheka, utampigia vigelegele vya chinichini, useme Bwana Pampu hakuacha kazi nusu. Mtaa haukucheka. Mtaa ulilitazama tumbo lile kama unavyolitazama tumbo la binti yeyote asiyeolewa. Wanawake waliokuwa wamemvika viatu siku ya harusi, mmoja akishika mguu huu, mwingine ule, sasa walinyamaza akipita, na akishapita wakaanza.

Kliniki muuguzi akauliza jina la mume. Fundi akasema hana. Aliambiwa akakae benchi la nyuma, la wasichana, akakaa kati ya watoto wa shule akiwazidi kwa miaka. Mteja mmoja, mama mtu mzima, akaja na gari la mizigo kuchukua mbao na sponji zake. Alikuwa amempa Fundi kazi ya kochi la binti yake anayeolewa. Alisema hana ugomvi na mtu, ila kochi la bibi harusi lisipite mikono ya mtu aliyejichanganyia mambo. Yule mama siku ya harusi ya Fundi alikuwa amekula sahani mbili na akabeba ya tatu kwenye mfuko. Fundi alisimama kumkumbusha. Angemkumbusha nini? Akamsaidia kupakia.

Jioni hiyohiyo Mama Redio aliegemea ukuta wao, akauliza kwa upole wa kweli, ule wa mtu mwenye huruma:

"Mwanangu, baba yake ni nani?"

*

Simu ya Bwana Pampu ilikuja mchana wa joto, Fundi akiwa amelala chali chini ya kochi anakaza mikanda. Sauti yake ilikuwa nyepesi kama ya mtu aliyetua mzigo. Alisema alijaribu. Alikaa mbele ya ofisa wa kwao, akaulizwa kama amekwisha kuoa, akafungua mdomo aseme bado, zikaja kwikwi, ofisa akamletea maji, akanywa, zikaja tena. Mwishowe akasema ukweli. Alikuwa amefuata njia ya mke tangu siku ya kwanza, na kwa miezi yote hii alikuwa anatafuta namna ya kumwambia. Cheti cha ndoa alikuwa nacho begini, picha moja anayo, ile ambayo hawakuweza kuifuta kwa sababu ilikuwa kwenye simu yake. Njia ni ndefu lakini imefika mbali. Kilichobaki, siku hizi vyeti vinaghushiwa na picha zinaghushiwa, kwa hiyo watatuma mtu kuuliza majirani.

"Majirani wetu," alisema kwa furaha, "wote walikuwepo."

Simu ilipokatika, Fundi akatoka chini ya kochi lile.

Alianza na Kinyozi. Akamweleza yote, akacheka kidogo kumwonyesha kwamba mchezo umekwisha. Kinyozi akazima mashine yake. Akamwambia pole dada, ila yeye harusi ya namna hiyo haijui. Fundi akamkumbusha alivyopoteza sauti. Kinyozi akasema alipoteza sauti kwa mafua. Alisema kwa wepesi kama mtu anayesoma bei ya kunyoa ubaoni. Wateja wawili kwenye benchi wakatazama miguu yao.

Mama Redio alimsikiliza akiwa anaanika nguo. Fundi alimshika mkono. Alimwambia, mama mdogo, mimi siye mbinu yao, ni mimi, nitazame. Akalia, hakutaka kulia, lakini mtu mwenye mimba halii kwa hiari. Mama Redio akamfuta machozi kwa ncha ya nguo mbichi.

"Harusi gani, mwanangu?" akasema.

Ndipo Fundi akakumbuka Mjomba alivyowaambia: akija analia, msiseme.

Mjomba alipopata habari alichukua leso yake akatoka mwenyewe, mlango kwa mlango, kuufungua mlango alioufunga. Aliondoka kifua mbele. Aliporudi alikaa kwenye kochi la kijivu bila kuvua kofia. Kila mahali walimpokea vizuri, walimpa kiti, na kila mahali walimuuliza, harusi gani, mzee? Mmoja alimwambia, tena kwa adabu, kwamba anaonekana amechoka, apumzike. Mjomba alitaka kukohoa, akasahau kuitoa leso, kikohozi kikatoka hivyohivyo katikati ya sebule.

"Mpwa wangu," akasema mwishowe, "mimi nilikaa upande gani siku ile?"

Fundi akafungua mdomo amwonyeshe. Kule dirishani, angesema, au huku karibu na mlango. Akatazama dirishani, akatazama mlangoni. Kuta nyeupe zikamtazama. Akajaribu kulikumbuka kochi lilivyokuwa, lile kochi alilolivika mwenyewe kwa ajili ya siku yake mwenyewe, yeye ambaye anaweza kukwambia kitambaa cha kila kiti kilichowahi kupita bandani kwake. Hakikuja. Kila alipovuta, alikuta kijivu.

Alikuwa ameling'oa hadi uzi wa mwisho.

Siku zile kitu kingine kikaanza. Kila alasiri, nyumba ikiwa kimya, ndani ya tumbo lake palikuwa na mtu anagonga. Halikuwa teke, mateke alikuwa ameyazoea. Hili lilikuwa pigo dogo, na nafasi, na pigo, na nafasi, mfululizo, kama nyundo ndogo ya kupigilia misumari ya ukingo. Alidhani amepata wazimu wa kazi. Akapeleka malalamiko kliniki. Muuguzi akaweka mkono, akasikiliza, akasema mtoto ana kwikwi tu, hazina neno, akamwita wa nyuma yake.

*

Aliyetumwa alikuwa mwanamke wa makamo mwenye begi la mgongoni, kiatu chake kimoja kinachopwaya kikigonga sakafu kila hatua. Alikuja alasiri. Hakuwa mkali. Fundi angependelea awe mkali, maana ukali unajibika.

Alikuwa amekwisha kupita kwa majirani kabla ya kubisha hodi. Alikaa kwenye kochi la kijivu, akatoa picha aliyoichapa, akaiinua mbele ya ukuta. Kwenye picha zilionekana nyuso mbili zimekaribiana, nyuma yao ukuta wa kijani na kona ya pazia. Akaitazama picha, akautazama ukuta mweupe, akayatazama mapazia.

"Hii ilipigwa nyumba gani?" akauliza.

Fundi akasema ni hapahapa. Yule mgeni akaitikia kwa kichwa, kama daktari anavyoitikia mgonjwa anayesema hajisikii maumivu. Kisha akaeleza, bila kuficha, maana alisema hapendi kumwacha mtu gizani. Kinyozi wa kona amesema hajui harusi yoyote. Jirani wa ukuta huu amesema huyo mwanaume hajawahi hata kumwona. Nyumba zote zimejibu namna moja. Kama hakuna anayesema kitu kingine leo, yeye ataandika kwamba ndoa hii ni ya karatasi tu, faili litafungwa, na likifungwa kwa sababu hiyo huwa halifunguki.

Nje, watu walikuwa wamekusanyika chini ya dirisha. Vivuli vya vichwa vyao vilionekana kwenye pazia, vingi, havitikisiki. Hakuna aliyekuwa ananong'ona. Mtaa ule haukuwahi kukusanyika bila kunong'ona tangu uwe mtaa.

Mjomba alijibu kwamba harusi ilikuwepo. Alipoulizwa alikaa wapi, akatafuta leso yake mfuko huu na mfuko ule.

Akabaki Mama. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kile alichokipanda kushusha mapambo, mikono mapajani. Mgeni akageuka kwake, akamuuliza kwa heshima kama alihudhuria harusi ya binti yake.

Mama akamtazama Fundi. Akalitazama tumbo. Fundi aliyaona macho ya mama yake, akaona jinsi yalivyo safi na matupu, akajua jibu kabla halijaja. Na hapohapo akaelewa kile kitanda chembamba, na ile sahani, na kwa nini mapambo yalikunjwa vizuri namna ile. Watu wengine walikuwa wameikana harusi ili Fundi aondoke. Mama aliikana ili abaki.

"Nikisema ilikuwepo," Mama akauliza, "mtamchukua?"

"Mimi simchukui mtu, mama. Mimi naandika tu."

"Ni yaleyale."

Yule mgeni hakubisha. Kiatu chake kiligonga sakafu mara moja, kikatulia. Mama alizitazama kucha zake, akaonekana kama mtu anayechambua mchele usiokuwepo. Jiwe, mchele, jiwe.

"Alikuwa na kwikwi," akasema.

"Nani?"

"Mkwe wangu. Alipoulizwa kama amekubali, badala ya ndiyo, kwa woga, ikatoka kwikwi. Akaulizwa tena, kwikwi. Watu wakavunjika mbavu. Mimi ndiye niliyeinuka kumletea maji. Nilikwenda taratibu, nikarudi taratibu. Kikombe nilimpa taratibu." Akamtazama mgeni. "Nilikuwa naomba zisikatike. Kila hatua nilikuwa naomba, ziendelee mpaka watu wachoke, waende makwao, na huyu aende kwao. Zikakatika. Akasema ndiyo."

Mgeni alikuwa ameacha kuandika.

Ndipo kwenye pazia kivuli kimoja kikajikuna.

"Kikombe chenyewe kilikuwa cha bluu," ilisema sauti ya Mama Redio, ikiwa na kutu, kama chombo kilichokaa muda mrefu bila kuwashwa.

"Kijani," Kinyozi akasema nyuma yake. "Mimi nilikuwa nimesimama palepale."

"Wewe ulikuwa jikoni unapakua nyama kabla ya wenzako."

"Nilipakua baada ya kiapo."

"Baada ya kiapo ulikuwa huna sauti, utasema nini?"

Na hapo mtaa ukafunguka. Wakasukumana mlangoni, wakaingia, kila mmoja anamkosoa mwenzake: nani alikaa wapi, nani alimkanyaga bibi harusi kidole, sahani ya tatu ya yule mama wa kochi ilikuwa na nini. Mjomba akaonyeshwa mahali pake, karibu na mlango, akaenda akasimama pale akalia ndani ya leso. Mgeni aligeuka huku na huku, kalamu haimfikii mmoja kabla hajadakia mwingine. Watu wanaodanganya, alimwambia Fundi kwa sauti ya chini, huwa wanakubaliana. Hawa hawakubaliani hata juu ya kikombe.

Kisha akamgeukia yeye, karibu anatabasamu, kama anayetaka kufunga kazi kwa swali jepesi.

"Na wewe bibi harusi? Kilikuwa rangi gani?"

Wote wakamtazama. Nyuso zilikuwa changamfu, zimerudi, ni zilezile za majirani zake. Fundi akaingia ndani ya kichwa chake kutafuta. Alifungua sebule. Ilikuwa nyeupe. Alitafuta kwikwi za mumewe mbele ya watu, kicheko cha watu, maji, mkono wa mama yake unaokuja taratibu. Alikuta amevisikia sasa hivi tu, kwa mara ya kwanza, kama habari za harusi ya mtu mwingine. Watu wote mle ndani walikuwepo harusini kwake. Yeye peke yake hakuwepo.

"Sikumbuki," akasema.

Tabasamu la mgeni likapungua. Mama Redio akaweka mkono mdomoni. Na hapo, kwa kuwa ilikuwa alasiri, saa yake, yule wa ndani akaanza kugonga. Pigo, na nafasi. Pigo, na nafasi.

Fundi akauchukua mkono wa mgeni, pamoja na kalamu yake, akauweka juu ya tumbo lake.

"Mimi sikumbuki," akasema. "Shika hapa usikie shahidi wa upande wa baba yake."

Mgeni akangoja. Sebule nzima ikangoja, watu wanautazama mkono ule. Ukaruka kidogo. Ukatulia. Ukaruka tena. Kalamu ikadondoka sakafuni, na hakuna aliyeiokota.

Mama aliinuka kutoka kwenye kigoda. Akaenda jikoni, na mara hii hakwenda taratibu. Walisikia kanga zake zikipiga hewa. Akarudi na maji yakimwagikia vidole, akampa mwanawe kikombe mkononi. Hakikuwa cha bluu, wala hakikuwa cha kijani. Kilikuwa cheupe, kimemeguka ukingoni, na watu wote walikitazama.

"Kunywa upesi, mwanangu," Mama akasema. "Mara hii naomba zikatike."